Wiki ya mazoezi ya mbio ukiwa safari ya kazi Mtwara na Lindi, mi naipanga hivi

Kazi yangu ni kuhesabu stoo za watu. Kila baada ya miezi miwili mitatu natupwa kusini wiki nzima, siku kadhaa Mtwara mjini, katikati nachomoka Lindi nalala usiku mmoja, narudi Mtwara, wikendi narudi Dar. Na mi ni mkimbiaji wa kawaida tu, wala siyo wa kushinda chochote, nakimbia kilomita kama 40 kwa wiki nikiwa nyumbani na mwaka nikijitahidi nakimbia nusu marathoni mbili, zile kilomita 21. Watu wananiuliza sana we safari zote hizo mazoezi unafanya saa ngapi, sa nimeona niandike yote mara moja kuliko kumjibu kila mtu kivyake.

Kwanza nikwambie nilivyokosea, maana ndo chanzo cha huu mpango wote. Safari ya kwanza nilienda na programu yangu ya Dar imeprintiwa kabisa, Jumatatu spidi, Jumatano kilomita 10, Jumamosi 16. Nimeshuka kwenye basi Jumapili jioni miguu imevimba kama maandazi, Jumatatu saa kumi na mbili nipo barabarani nakimbia spidi eti programu imesema. Duru ya nne kigimbi cha kushoto kikabana, siyo ule mbano wa kuachia ukinyoosha, ule wa kama mtu kakuchoma na kitu. Wiki nzima nilihesabu maboksi huku nachechemea, na kilomita nilizopata ni 5. Toka hapo nikaacha kuipeleka programu ya Dar kusini. Naipanga wiki kwa kuangalia vitu vitatu: basi, jua na maji ya bahari. Programu inafuata hapo nyuma.

Hesabu ya jumla ni ndogo tu. Ukiwa nyumbani unakimbia 40, safari lenga 25 mpaka 28, usilenge 40. Wiki moja ya kupunguza haikuondolei pumzi, pumzi haiondoki haraka hivo, kinachoondoka haraka ni mazoea, ukiacha siku nne mfululizo ya tano mwili unaanza kukutongoza ubaki kitandani. Kwa hiyo bora utoke mara nne au tano fupifupi kuliko mara mbili za kujiua. Na katika hizo mara nne moja tu ndo ya maana kweli, mbio ndefu ya Jumamosi, zingine zote zipo kuilinda hiyo.

Sasa basi. Dar mpaka Mtwara ni kilomita 560 hivi, unaondoka alfajiri unafika jioni, na adui siyo umbali, adui ni kukaa. Damu inakaa chini, vigimbi vinakuwa vigumu, nyonga inakufa ganzi. Mi nachukua siti ya upande wa njia hata kama dirishani kuna upepo mzuri, ili ninyooshe mguu mmoja mmoja. Soksi navaa zile ndefu za kubana. Basi likisimama watu wachimbe dawa mi nashuka kila mara hata kama sina haja, natembea kwenda na kurudi, nasimama kwa vidole napanda na kushuka mara 20, watu wanashangaa na kondakta ananiita "dada wa mazoezi" lakini nikifika miguu ni yangu. Daraja la Mkapa pale Rufiji huwa nalitazama kwa uchu, lina mita 970, yaani karibu kilomita nzima imenyooka juu ya maji, basi ndo hivo nalipita nimekaa kwenye siti.

Chakula cha njiani kuwa makini. Chipsi na kuku wa pale basi linaposimama ni vitamu sikatai ila ni mafuta matupu na unakaa nayo masaa mengine matano. Mi nabeba ndizi, mayai ya kuchemsha na maji, na maji nakunywa kidogo kidogo, usikwepe kunywa eti unaogopa kubanwa mkojo, ukifika umekauka kesho yake kichwa kinagonga.

Jumapili jioni ukifika hamna kukimbia. Weka begi, tembea dakika 20 kwa miguu kutafuta chakula, basi. Hapo hapo unasoma mtaa, unaona barabara ipi ina taa, wapi kuna mbwa, wapi pamechimbwa mtaro. Na mwambie mlinzi wa gesti kwamba alfajiri utatoka, maana nshawahi kufungiwa geti saa kumi na moja mlinzi kalala fofofo na mi sitaki kugonga geti niamshe wageni wote, nikaishia kuruka kamba kwenye korido.

Jua la kusini ni somo lenyewe. Mtwara ipo mashariki sana kwa hiyo jua linakuja mapema kuliko bara, mwezi wa 11 saa kumi na mbili kasorobo tayari lipo nje, na likishatoka halina utani, saa moja na nusu unakimbia ndani ya sufuria. Mwezi wa sita na wa saba ni nafuu, linachelewa mpaka kwenye saa kumi na mbili na nusu na kusi inavuma, asubuhi unaweza hata kusikia kabaridi. Kwa hiyo kabla hujafunga begi jiuliza unaenda msimu gani. Ukienda wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa nne tano mpaka wa tisa hivi, una saa nzima na zaidi ya kukimbia kwa raha. Ukienda wakati wa kaskazi, mwezi wa 12 mpaka wa pili, joto na unyevu vimeshikana mikono, jasho halikauki, linatiririka tu, na jasho lisipokauka halikupoozi. Hapo alarm yako ni adhana ya alfajiri, ukiisikia toka kitandani, ukisema dakika tano tu umekwisha.

Na kama unatokea Mbeya, Njombe, Arusha, huko kwenye baridi, usishangae moyo unadunda kama ngoma kwa mwendo ambao kwenu ni wa kupiga stori. Mwili unahitaji kama siku 10 mpaka 14 kuzoea joto na we una siku saba tu, kwa hiyo hutazoea, punguza mwendo ukubali. Saa ya mkononi ifunike na kitambaa kama inakusumbua roho. Kipimo changu ni kuongea: kama siwezi kumjibu mtu salamu kamili bila kukata pumzi basi naenda kasi. Na kusini salamu ni nyingi, kipimo kinafanya kazi kila baada ya mita 100.

Kwenye salamu hapo nisimame kidogo. Usipite mtu mzima kimya eti unakimbia. Punguza, "shikamoo mzee", "shikamoo mama", endelea. Inakugharimu sekunde mbili na inakulinda kuliko kitu chochote, maana kesho yake ukipita wanakujua, siku ya tatu ukichelewa wanauliza. Watoto wao wana swali lao moja, "dada unakimbizwa na nani?", na bodaboda toka Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 wananiita Simbu, mwanamke mimi, nawapungia mkono tu. Mavazi pia, kwa dada zangu, hakuna anayekukataza ila mi navaa tisheti ndefu na taiti ya kufika chini ya goti, na nafunga kanga nyepesi kiunoni nikimaliza ili nipite dukani au gengeni bila kuwa sinema. Hiyo kanga hiyohiyo ni taulo, ni mkeka wa kunyooshea viungo, na siku ya mvua ni kilemba.

Haya, Jumatatu. Dakika 25 mpaka 30 za jogi ya kivivu kabisa, hamna spidi, ndo niliposhikwa mimi. Mtwara mjini pamenyooka na barabara zake ni pana kupita kiasi kwa mji wa ukubwa ule, sababu ulichorwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, walidhani utakuwa mji mkubwa wa bandari na reli, karanga zikagoma, mradi ukafa, hata reli ikang'olewa, barabara pana zikabaki tukazirithi sisi wakimbiaji. Mi huwa nalala maeneo ya Shangani, naanzia huko kwa sababu kumetulia, nakatiza kuelekea Ligula, nazunguka narudi. Jioni ukitoka kazini chumbani dakika 15: kuchuchumaa na kusimama mara 15, pushapu unazoweza, plenki sekunde 40, kupanda visigino kwenye ngazi ya gesti mara 20 kila mguu, unarudia mara tatu. Feni iwe imewashwa la sivyo sakafu inakuwa bwawa.

Jumanne ndo siku ya kuchangamsha miguu kidogo. Uwanja wa kupimia sina na siuhitaji, natumia nguzo za umeme. Najogi dakika 12, halafu nguzo nne haraka nguzo nne polepole, mara nane, halafu najogi kurudi. Haraka yenyewe siyo ya kufa, ni ile ya mtu anayewahi basi la mwisho lakini anajua atalipata. Kama umepata usingizi mbovu au tumbo halieleweki, ruka nguzo zote, fanya jogi tu, hamna atakayekudai.

Sasa maji ya bahari, hapa ndo panapowashinda wageni wengi. Mtu anafika Shangani anaona ufukwe anasema kesho nakimbia mchangani, kesho anaamka saa kumi na mbili anakuta mchanga hakuna, kuna bahari mpaka kwenye miamba. Mi yalinikuta vibaya zaidi. Nilitoka maji yakiwa nusu, mchanga mgumu mzuri, nikafuata ufukwe dakika 20 nikajisahau kwa raha, nageuka kurudi nakuta kile kipande nilichopita kimeshakuwa maji ya magoti na mawimbi yanapiga ukutani. Nikapanda miamba. Ile miamba ya pwani siyo mawe ya kawaida, ni misumeno, nilitoka na mchubuko wa mguu mzima na raba zimejaa maji. Juu kulikuwa na mzee amekaa anashona wavu wake ananiangalia toka mbali, nikamwamkia, akaitika "marahaba mwanangu" na hapo hapo akaniuliza kwani hukuuliza maji? Nikasema sikuuliza. Akacheka, akanifundisha kwa vidole kitu ambacho toka siku ile ndo natumia.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii siku za bamvua kupwa kwenyewe kunaangukia mida ya saa nne asubuhi, saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na kupwa kunaangukia kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ukishajua hayo unapiga hesabu mwenyewe kwa kutazama mbingu. Unataka mchanga asubuhi? Siku mbili tatu kabla ya bamvua, maji yanakuwa yanamalizia kupwa saa mbili hivi, ukitoka saa kumi na mbili na nusu yanakukimbia mbele, mchanga unazidi kupanuka unavyokimbia. Unataka jioni? Siku za maji mafu na moja mbili baada yake, kuanzia saa kumi na moja una mchanga na jua limelegea. Siku zingine kaa barabarani. Na hata kama umepiga hesabu bado muulize mvuvi yeyote, "mzee maji yanakwenda au yanakuja?", hilo swali moja litakuokoa raba.

Mchangani kimbia pale palipolowa lakini hapatitii, ukikanyaga alama ya raba inatokea na haijai maji. Dakika 20 zinatosha sana siku ya kwanza maana mchanga unavuta kigimbi na mshipa wa kisigino kuliko lami. Ufukwe umelala upande, mguu mmoja unakuwa chini kuliko mwingine, kwa hiyo nenda dakika 10 rudi dakika 10 njia ileile ili nyonga zigawane mateso. Peku usikimbie, kuna vipande vya matumbawe na wale wadudu weusi wa miiba, mwiba wake ukivunjikia unyayoni utausimulia mpaka Krismasi.

Jumatano naenda Lindi, kilomita 105 hivi, natoka na kosta ya asubuhi kwa hiyo asubuhi hiyo hamna mbio, na wala usijilazimishe kuamka saa tisa ili ukimbie, usingizi ni zoezi pia. Lindi nakimbia jioni baada ya kazi au Alhamisi alfajiri, inategemea nimechokaje. Mji wa Lindi umekaa tofauti na Mtwara, umejikunja kwenye ghuba yake, mbele bahari na ng'ambo unaiona Kitunda, ukiipa bahari mgongo unaanza kupanda. Kwa hiyo Mtwara ni ya tambarare, Lindi ni ya vilima, usihangaike kutafuta vilima Mtwara. Nachagua mpando mmoja wenye nyumba, siyo uchochoro, napanda sekunde 45 kwa hatua fupi, mikono inafanya kazi, macho mita 10 mbele siyo chini, nashuka kwa kutembea, nusu dazeni mara ya kwanza, ukizoea mara nane. Mpando unakupa kazi yote ya spidi bila kukugonga miguu sababu hukimbii haraka kweli, unapambana tu. Nikimaliza nashuka mpaka baharini najogi taratibu kando ya maji nikitazama watu wakisubiri kuvuka kwenda Kitunda na mizigo yao. Joto la Lindi jioni lakini, jamani. Ghuba inalihifadhi kama chungu. Beba maji, hata kama ni nusu saa.

Kama kazi inakupandisha Newala badala ya Lindi hongera zako, kule juu uwanda wa Makonde ni mita mia saba na ushee kutoka usawa wa bahari, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, ile mbio ngumu ya wiki ihamishie huko. Ukimaliza kaangalie Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma lipo chini yako. Ila usikimbie pembeni pale, tembea.

Alhamisi ukitoka Lindi pumzika. Ijumaa dakika 20 za kivivu au usikimbie kabisa, mi mara nyingi nafanya yale mazoezi ya chumbani nusu dozi, nafua nguo za kukimbilia, naandaa Jumamosi. Kufua kwenyewe kuna ujanja wake, wakati wa kaskazi nguo haikauki usiku, kwa hiyo beba pea mbili, ikamue, ilaze kwenye taulo kavu uikunje pamoja uikanyage, halafu itundike mbele ya feni. Raba zikilowa toa soli ya ndani, zijaze magazeti, badilisha gazeti kabla ya kulala. Usizianike juani mchana kutwa, gundi inaachia, nimepoteza pea moja hivo.

Chakula cha Ijumaa jioni: wali na samaki, au ugali, maharage kidogo tu kama tumbo lako ni la kelele. Mihogo ya kuchemsha ni mizuri sana. Ming'oko utaikuta inauzwa, vile vimizizi vya porini vya kuchemsha, wenyeji wanavipenda kufa na mimi pia, ila kama hujawahi kula usianze Ijumaa, anza Jumamosi mchana ukishamaliza kukimbia. Na korosho. Mtu yupo Mtwara korosho zipo kila kona atajizuiaje? Kula, lakini siyo kabla ya mbio, zina mafuta mengi tumbo linachelewa kuzisaga. Mimi nilikula viganja viwili saa kumi na moja alfajiri nikijiona nimekula chakula cha nguvu, kilomita ya saba nikaomba msalani nyumba ya watu nisiowajua, na yule mama Mungu ambariki hata hakuuliza.

Jumamosi ndo siku yenyewe. Mbio yangu ndefu ya kusini ni Mtwara kwenda Mikindani. Ni kilomita 10 na kidogo kwa barabara kuu ya kwenda Lindi, na uzuri wake ni kwamba hurudi, unarudi na daladala au bajaji. Nikitaka 14 au 15 nazunguka kwanza Shangani kilomita nne giza likiisha, napita gesti nakunywa maji, ndo naondoka. Natoka saa kumi na moja na nusu. Nakula ndizi moja na kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nusu saa kabla, mfukoni tende sita na pakiti ya chumvichumvi za maji, zile za kuchanganya na lita moja, unazipata duka lolote la dawa. Kwenye dakika ya 45 tende mbili, dakika ya 70 zingine. Elfu kumi kwenye soksi, simu, na karatasi ndogo imeandikwa jina langu na namba ya mtu wa nyumbani.

Barabara ile ina malori. Msimu wa korosho yanaongezeka, na mengine yanapeleka makaa ya mawe bandarini, dereva katembea usiku kucha kutoka Ruvuma na anakuja kwako na usingizi machoni. Sheria zangu hapo hazina mjadala: nakimbia mkono wa kulia nikiyaona yanayokuja usoni, siyo kwa mgongo, kizibao cha kung'aa nimevaa, masikio hayana earphone, na nikiona malori mawili yanapishana mbele yangu nashuka kabisa kwenye majani nasimama mpaka yapite. Saa inaendelea kuhesabu, iache ihesabu. Kama huna roho ya barabara kuu zunguka mjini mara tatu, kilomita ni kilomita.

Kilomita tatu za mwanzo nazienda kama mtu anayepeleka uji wa moto, polepole asimwage. Nyumba zinapungua, mikorosho na minazi inaanza, jua linatoka na unaliona linavyopanda kwenye majani. Halafu ghuba inafunguka, maji yametulia kabisa, mitumbwi imelala upande kama maji yamekupwa, na Mikindani inaonekana imeshuka pale chini ya kilima. Hapo mwili unataka kukimbia haraka. Muachie kilomita mbili za mwisho, siyo kabla, haraka kidogo tu, ukifika ubaki na kitu. Mi namalizia kwenye mtaa wa zamani wenye ile milango ya kuchonga, natembea dakika 10 mpaka chini ya Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895, nanyoosha viungo ukutani. Livingstone mwenyewe safari yake ya mwisho ya kuingia bara alianzia hapa Mikindani mwaka 1866, kwa miguu, miezi na miezi. Mi na tende zangu sita nimechoka.

Ukimaliza kukimbia, kunywa kwanza kabla hujaongea na mtu. Dafu ni tamu na lina potasiamu ya kutosha lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho limekutoa chumvi, kwa hiyo dafu pamoja na kitu cha chumvi, mihogo ya kukaanga ya kupaka chumvi na pilipili inafaa sana. Ukiona mkojo wa mchana bado una rangi ya chai hujanywa vya kutosha. Ukisikia baridi wakati jua linawaka, au kizunguzungu, au jasho limekata ghafla, acha habari za kumaliza kilomita, ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na kwapani, ita bajaji, na kama haliishi nenda hospitali siyo kitandani.

Funga kanga, panda daladala, salimia, kaa karibu na mlango maana unanuka. Saa tatu upo gesti umeoga, siku nzima ni yako, hapo sasa tafuta ming'oko.

Jumapili basi la kurudi, mambo yaleyale, siti ya njia, soksi za kubana, chimba dawa shuka utembee. Jumatatu ya Dar usikimbie, najua utajisikia una nguvu, ni uongo wa siti. Jumanne jogi dakika 30, Jumatano ndo uifungue programu yako uendelee palepale ulipoachia, usijaribu kulipa zile kilomita 12 ulizopunguza. Raba zikung'ute nje kwanza, mi mara ya mwisho nilizikung'utia sebuleni na mchanga wa Shangani mpaka leo nauokota kwenye zulia.